Mpini wa Nelvine

Vumbi la majani chai lilifunika kila kitu kwenye karakana ya politekniki pale Sotik, isipokuwa mpini mmoja. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichoona Bochaberi wa darasa la ushonaji alipoingia. Mashine ya kubana mbao, iliyoundwa kwa miti, ilikuwa na mipini miwili, ya kuzungushwa na watu wawili kwa pamoja. Kipkurui alizungusha wa kulia. Wa kushoto aliupangusa tu, kwa shati lake.

"Nikusaidie?" Bochaberi aliuliza.

"Hapana. Huo ni wa Nelvine."

Malaria ilimchukua Nelvine mwezi wa Aprili, 1996. Yeye na mpenzi wake Kipkurui ndio walioanza kutengeneza mbao kwa takataka za kiwanda cha chai, vijiti na nyuzi zilizokorogwa kwa uji wa muhogo. Tangu afe, kila ubao ulitoka umepinda, ukapasuka.

"Bochaberi, utashindana aje na mtu hazeeki?" Phelix, mwanafunzi mwenzao, alimcheka mlangoni. "Kesho ubao usipotoka sawa, mwalimu anapasua hiyo mashine iwe kuni!"

Akaenda zake. Bochaberi alibaki kando ya mashine. Ukungu uliingia, mvua ikapiga mabati.

Ng'iii.

Mpini wa kushoto ulijizungusha wenyewe.

"Umesikia?" Kipkurui alinong'ona. "Nikibana, ananijibu. Nelvine, bado kidogo tumalize."

Miguu ya Bochaberi ilitaka kukimbia. Lakini aliona ubao ulivyofura upande ule, maji yakichuruzika.

"Ni chai imefura, inasukuma mpini. Hakuna mtu ameshika huko."

"Usiseme hivyo!"

"Hakuna mtu, Kipkurui."

"Na wewe ukishika, yeye ataenda wapi?"

"Alishaenda. Gauni la kumzika nilishona mimi. Vifungo nikamfunga mimi, mpaka cha shingoni."

Kipkurui alilia bila sauti. Kisha akasogea.

"Shika basi. Polepole. Tuende pamoja."

Walizungusha. Maji yalitoka sawasawa pande zote mbili. Kipkurui alitega sikio, akangoja, akangoja tena.

"Kumenyamaza," alisema. "Sasa nimebaki peke yangu kabisa."

Maneno ambayo Bochaberi alikuwa akiyameza kila alipopita mlango ule yalimtoka, na sauti haikutetemeka.

"Nakupenda, Kipkurui. Na mimi niko hai."