Ngazi ya Gari la Babu

Kila mwaka shule zikifungwa, akina Lindqvist wa Holdrege, Nebraska, walilitayarisha gari-nyumba lao, kubwa kama basi, lenye jiko, vitanda na choo. Mama alipanga vyakula kabatini, Baba akajaza maji tangini, na mtu mmoja akalizunguka gari zima akiwa na orodha mkononi. Orodha hiyo iliandikwa na marehemu babu yao, aliyewaachia gari. Huweki alama mpaka umeona kwa macho yako, na bila alama zote gari haliwashwi.

Mwaka huu orodha alipewa Britta, mwenye miaka kumi na miwili.

Alianza juu akashuka. Antena imelazwa. Gesi imefungwa. Bomba la maji machafu lina kifuniko. Mstari wa mwisho babu aliuandika kwa wino mwekundu: umri wa tairi, usizidi miaka saba. Britta akapiga magoti kwenye kokoto, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi mpaka zikaonekana tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Akahesabu. Akahesabu tena kwa vidole. Kisha akazunguka tairi zote, na zote zilikuwa za mwaka ule ule.

Akamfuata Baba, aliyekuwa akifunga baiskeli nyuma ya gari, akamwambia tairi zimepitwa na wakati. Baba hakugeuka hata kichwa. Alisema meno ya tairi bado marefu, gari linatembea wiki mbili tu kwa mwaka, na tairi si nyanya hata ioze ikiwa imekaa. Ukoo mzima unakutana Jumamosi kando ya ziwa kule Montana, na leo ni Alhamisi. Aweke alama waondoke.

"Siweki," Britta akasema.

"Umesemaje?"

"Siweki, Baba. Tairi hizi zimenizidi umri."

Anders, kaka yake, akatoa kichwa dirishani. "Mpisheni mkaguzi mkuu wa serikali," akasema. "Mheshimiwa, tutafika mwaka gani?"

Britta alikwenda mlangoni, akaivuta ngazi ya gari mpaka nje, akaikalia. Ngazi ikiwa nje gari haliondoki, na kila mtu pale alilijua hilo.

Mama akaja, akamsihi kwa sauti ya chini asimwaibishe baba yake mbele ya majirani. Baba naye akaja, uso umeiva, akamwamuru anyanyuke. Britta hakunyanyuka. Alinyoosha mkono wenye kalamu.

"Basi weka wewe, Baba. Ila uandike na jina lako pembeni."

Baba aliichukua kalamu. Akaisoma ile orodha, akaukazia macho ule wino mwekundu. Kisha akaenda upande wa kusini, ambako jua lilikuwa limelichoma gari miezi kumi na moja, akapiga magoti. Alikaa huko kitambo. Akamwita Britta. Ubavuni mwa tairi palikuwa na ufa mrefu, mwembamba, uliojificha karibu na ukingo wa chuma. Baba alichomeka ufunguo wa gari, ukazama mpaka katikati.

Anders akarudisha kichwa ndani.

Tairi mpya zilifika Jumamosi, siku ile ile ambayo ukoo ulikuwa ukipiga picha ziwani bila wao. Walipokuwa tayari kuondoka, japo wamechelewa, Baba alikaa kwenye ngazi kando ya Britta.

"Miaka mitano nimeweka alama kwenye mstari ule bila kupiga magoti hata mara moja," akasema. "Niliona meno marefu, nikaridhika. Alama ni neno lako, Britta. Ukiiweka kwa kitu ambacho hukukiona, umesema uongo, hata kama hakuna aliyesikia. Mimi niliusema uongo huo, na ninyi wote mlikuwa mmelala humo ndani."

"Ulinikasirikia."

"Sana. Na ukiniona nakosea tena, usinyanyuke."

Britta akapiga magoti mara moja zaidi, akasoma tarakimu mpya, akaweka alama. Kisha akaikunja ngazi.