Biskuti za Mbwa wa Fundi Viatu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zake za shule na kuzianika, Chiriku alivuka ua kwenda jikoni kwa shangazi yake. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na shangazi huyo huyo kwa sababu, tangu alipojua kusema, mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kusaidia kuoka biskuti za mbwa.

Majirani walicheka mwanzoni. "Mbwa naye siku hizi anakunywa chai?" waliuliza. Lakini waliokuwa na mbwa walichukua mara moja, wakarudi mara ya pili, na kicheko kikaisha chenyewe.

Biskuti hizo zilikuwa na vitu vinne tu: unga, mayai, boga lililopondwa, na ini la kuku lililochemshwa na kukatwa vipande vidogo mno. Hazikutiwa chumvi, sukari wala kitunguu. Tena palikuwa na sharti moja ambalo shangazi hakulilegeza hata siku moja. Aliyekanda donge ndiye aliyeandika ubaoni, kwa chaki, kila alichokitia. Naye aliandika palepale, kabla ya kunawa mikono.

"Kwa nini kabla ya kunawa?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Kwa sababu mikono yenye unga inakumbuka, mwanangu. Ikishanawa, inaanza kubuni."

Jumamosi moja shangazi aliitwa ghafla kwenda kumwona mgonjwa. Aliacha ini limechemshwa na oveni imewashwa. "Kanda kama nilivyokufundisha. Za leo ni za Kengele," alisema, akatoka.

Kengele alikuwa mbwa jike wa fundi viatu wa mwisho wa mtaa. Fundi huyo alikuwa kiziwi kwa miaka mingi. Mteja alipobisha, Kengele alimgusa fundi gotini kwa pua. Maji yalipochemka, alimgusa vilevile. Mzee huyo hakuwa na masikio mengine.

Chiriku alitaka kumaliza upesi. Kwa hiyo, kabla hata ya kugusa unga, alichukua chaki kwa mikono yake mikavu na safi akaandika: unga, mayai, boga, ini. Kisha akakanda, akakata, akaoka trei ya kwanza. Zilipopoa, alimpa kaka yake moja aionje.

Kaka alitafuna, akasita, akaitazama ile biskuti. "Hii ni biskuti au kipande cha mlango? Kengele atadhani ameadhibiwa."

"Si yako wewe! Ya mbwa haina sukari."

"Basi namhurumia mbwa."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Alipokanda donge la trei ya pili, macho yake yalikwenda kwenye kopo la zabibu kavu, ambazo shangazi aliziweka kwa ajili ya keki za watu. Zabibu si sukari, alijiambia. Alichota kikombe kizima, akaziponda kwenye kinu kidogo na kuzichanganya na donge. Vipande vyake vyeusi vilifanana na ini kabisa. Alishika chaki aongeze neno la tano. Akamfikiria shangazi akilisoma, akairudisha chaki mahali pake.

Shangazi alirudi biskuti zikiwa bado na joto. Aliusoma ubao, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga trei ya pili kwenye mfuko wa karatasi. Kaka akapewa apeleke kwa fundi viatu.

Haikupita nusu saa shangazi akafungua kopo la zabibu. "Haa! Panya wa miguu miwili amepita hapa," alisema akicheka. "Kaka yako huyo, tumbo lake halina kufuli. Hata hivyo, heri azile yeye. Zingemfika mbwa tungekuwa na msiba. Zabibu huharibu figo za mbwa. Anaweza kufa."

Sufuria aliyokuwa akiisugua Chiriku ilimponyoka ikaanguka kwenye beseni.

"Mbona kimya? Leo duka la maneno limefungwa?"

"Na... nakwenda kuanua nguo, shangazi."

Hakwenda kuanua nguo. Alitoka mbio mlango wa nyuma. Atauchukua ule mfuko kimyakimya, atazitupa biskuti, na hakuna atakayejua. Alipita duka la vitambaa, akapita kinyozi, hakuitika salamu ya mtu. Labda Kengele amelala. Labda fundi ana kazi nyingi, hajaufungua mfuko. Labda, labda, kila hatua ilikuwa na labda yake.

Mfuko ulikuwa mezani, kati ya nyundo na kopo la gundi. Ulikuwa wazi. Kengele alikuwa sakafuni akilamba makombo. Alipomwona Chiriku alitikisa mkia, akaenda kumgusa fundi gotini kumjulisha kwamba kuna mgeni.

Fundi aliinua kichwa. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama azungumzavyo mtu asiyejisikia. "Aa, mpishi wetu! Kaa, mjukuu wangu. Leo umejipita. Amekula saba, bado anadai!"

Saba. Chiriku alifunika mdomo kwa kiganja. Maneno yalimtoka chini ya vidole vyake, haraka haraka, yakichanganyika na machozi: zabibu, kopo, sikujua, nisamehe.

Fundi alimkazia macho, akakunja uso. "Ondoa mkono mdomoni, mjukuu wangu. Sioni unachosema."

Hapo Chiriku alielewa kwamba bado angeweza kukimbia. Mzee alikuwa hajapata hata neno moja. Angeweza kusema anaumwa jino, akauchukua mfuko, akaondoka. Kengele alikuja akaegemeza kichwa kwenye goti lake, pumzi yake ikinukia zabibu.

Akaushusha mkono. Alisema polepole, midomo ikimtetemeka, ili kila neno lionekane. "Nimetia zabibu kwenye biskuti. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Shangazi hajui. Nimemficha."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. Hakupiga kelele, wala hakumshika sikio. Alivua aproni, akambeba mbwa wake mikononi kama mtoto mchanga. "Daktari wa mifugo," alisema. "Wewe mwite shangazi yako. Kimbia!"

Zahanati ya wanyama ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya bati na harufu kali ya dawa. Shangazi alifika akihema, kanga imefungwa upande. Alimtazama Chiriku mara moja tu, na mtazamo huo ulimtisha kuliko kofi.

Daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani, aliinama mbele ya Chiriku. "Nisikilize vizuri. Usipunguze kwa kuogopa, wala usiongeze kwa kulia. Kiasi gani?"

"Kikombe kimoja, daktari. Kwa biskuti arobaini."

"Amekula ngapi, na saa ngapi?"

"Saba. Kaka alizipeleka saa sita. Sasa..." Alitazama saa ya ukutani. "Haijafika saa saba."

"Vizuri. Nendeni nje."

Walikaa kwenye benchi la mbao. Ndani, Kengele alilia mara moja, kisha akatapika, kisha kukawa kimya. Fundi, ambaye hakusikia lolote kati ya hayo, aliukodolea macho mlango ule bila kupepesa. Hakuwa na mtu wa kumgusa gotini.

Chiriku alisogea karibu. Mlango ulipolia, kabla haujafunguka, alinyoosha mkono akaligusa goti la mzee.

"Ametapika karibu zote," daktari alisema. "Nimempa mkaa wa dawa kuzuia sumu iliyobaki. Atakaa hapa kwa dripu hadi Jumatatu, nimpime damu. Siahidi kitu. Kuna mbwa hula nyingi akapona, na kuna mwingine huugua kwa chache. Tusubiri."

Usiku huo Chiriku hakupata usingizi wa maana. Jumapili alikwenda kwa fundi viatu asubuhi, bila kutumwa, akakaa kwenye kigoda mlangoni. Wateja walipobisha aligusa goti. Birika lilipochemka, akagusa tena. Jumatatu alirudi mara tu alipotoka shuleni. Kila hatua iliyosikika barabarani ilimshtua, akidhani ni mtu wa habari mbaya.

Saa kumi daktari alitokea mwenyewe. Alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Kengele, amekonda kidogo, akivuta kwa nguvu zote kuelekea ndani.

"Figo zake ni nzima," daktari alisema.

Chiriku alilia kwa sauti. Fundi alipiga magoti akauficha uso wake shingoni mwa mbwa.

Shangazi, aliyemwona daktari akipita na kumfuata moja kwa moja kutoka jikoni, unga ungali mikononi, alimshika Chiriku bega. "Siku tatu sijakugombeza. Je, unajua kwa nini?"

"Hapana, shangazi."

"Nilitaka hofu ikufundishe kwanza, kisha mimi nimalizie. Kutojua si kosa. Hata mimi niliambiwa habari ya zabibu na daktari huyu. Kosa lako ni kuandika kazi kabla ya kuifanya, na kuficha neno moja uliloliogopa. Watu wazima tungeuliza, 'Kuna nini humu?' Mbwa haulizi. Anakula kwa sababu anatuamini. Kadiri mtu anavyokuamini bila kuuliza, ndivyo unavyopaswa kusema kweli zaidi."

"Nimekosa, shangazi. Sitaficha tena."

Daktari aliweka miwani yake sawa. "Nami niseme langu. Dawa zangu zingekuwa zilezile kesho yake, lakini zisingefaa kitu. Mbwa huyu yuko hai kwa sababu mtoto alisema kweli ndani ya saa moja, huku akitetemeka. Ukikosea, mwanangu, kimbilia kusema. Ukichelewa, hata ukweli hautibu."