Fasi ya Laurent

Jumapili ile tulikuwa tunapeleka unga tu.

Wifi yangu Marie alikuwa amejifungua, naye anakaa ng'ambo ya ziwa la Nakivale, upande wa Rubondo. Nilikuwa nimemsagia gunia la unga wa muhogo. Mdogo wangu Perpétue alikuja kutoka Mbarara pamoja na mume wake, Benon, askari wa kambi ya Makenke, na watoto wao wawili, Bob na Babra. Alisema nimekaa ndani vya kutosha. Alisema watoto wafurahi majini, na mimi nipate hewa.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2012. Mume wangu Laurent alikuwa amezama mwaka mmoja kabla.

Mtumbwi wake ulikutwa asubuhi kwenye mafunjo, mtupu, kafi likiwa ndani. Yeye hakupatikana. Basi tukafanya kama tunavyofanya kwetu Fizi kwa mtu ambaye maji hayakumrudisha. Tulikata shina la mgomba lenye urefu wake, tukalivisha shati lake la bluu, tukalizika mlimani juu ya makazi yetu ya wakimbizi. Katekista alikuja, akasali. Kifungo kimoja cha shati lile kilikuwa cheusi, vingine vyote vyeupe. Nilikishona mimi mwenyewe.

Hivyo Laurent akapata kaburi, nami nikapata mahali pa kupiga magoti.

Tulivuka kwa mtumbwi ule ule, kwa sababu sina mwingine. Baba Kalume, baba mdogo wa Laurent, alikaa nyuma kabisa kuuongoza. Benon alikaa mbele na kafi lake, kisha watoto wake, kisha Perpétue, kisha mimi na binti yangu Sonia, wa miaka sita. Kati yetu na Baba Kalume kulikuwa na ubao mmoja wa kukalia, ule aliopenda kuukalia Laurent wakati wa kuvuta nyavu; sisi tuliuita fasi ya Laurent, yaani nafasi yake. Gunia la unga lilikaa hapo.

Watoto walifurahi kweli. Bob alimwagia dada yake maji. Babra akapiga kelele kwamba ameona kiboko, kumbe ni gogo. Nilicheka. Nakumbuka nilijishangaa kucheka.

Kwa Marie tulikula samaki, tukambeba mtoto, tukasali. Tulikaa kuliko tulivyopanga. Tuliporudi ufukweni jua lilikuwa limeshagusa vilima.

Baba Kalume alitafuta jiwe kubwa, akalibeba kwa shida, akaliweka kwenye ule ubao uliokuwa na gunia.

Benon akacheka. "Mzee, hii jiwe ya nini? Sisi nabeba watoto ama nabeba mawe?"

"Ubao hauachwe mutupu magaribi," Baba Kalume alisema. "Kwetu ni vile. Ukikosa muzigo, weka hata jiwe."

"Mimi nilienda mpaka Somalia, mzee. Hapana ogopa ubao." Akalinyanyua jiwe kwa mikono miwili, akalitupa majini. Watoto wakashangilia ule mshindo.

Baba Kalume alimtazama, kisha akatazama jua. Hakukuwa na muda wa kugombana. Tukaondoka.

Katikati ya ziwa giza lilianza kushuka. Upepo ulikuwa umekufa. Hakukuwa na sauti ila makafi... na maji yakidondoka kutoka kwenye makafi.

Kwetu giza likikukuta majini, mwenye kuongoza huwa anaita. Hataji majina. Anauliza mara moja tu, na kila mtu anaitika alipokaa, kuanzia mbele mpaka nyuma. Yeye mwenyewe ndiye wa mwisho. Akishaitika, anagonga ukingo kwa kafi, na hesabu imefungwa.

"Nani iko?" akaita Baba Kalume.

"Niko, afande!" Benon akajibu, akicheka.

"Yesi afande!" Bob akapaza sauti.

"Niko," Babra.

"Niko," Perpétue.

"Niko," Sonia wangu.

"Niko," nikasema mimi.

"Niko."

Sauti ile ilitoka nyuma yangu. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyemeza maji. Nilidhani ni Baba Kalume.

Kisha Baba Kalume akasema, taratibu sana, "Niko."

Hakugonga ukingo.

"Mzee," Benon alisema bila kugeuka, "umeitika mara mbili."

Mtumbwi ukaanza kuwa mzito. Benon alivuta kafi kwa nguvu zake zote, lakini ilikuwa kama tumefungwa kamba kwa nyuma. Maji yalipanda karibu na ukingo. Yakaingia kidogo. Yakalowesha miguu yangu, nayo yalikuwa ya baridi kuliko maji ya jioni yanavyokuwa.

Ndipo nikasikia harufu. Utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi. Hakuna migomba katikati ya ziwa.

"Constance," Baba Kalume akanong'ona. "Usigeuke."

Sikugeuka. Lakini Sonia alikuwa mapajani pangu, na uso wake ulitazama begani kwangu, kule nyuma.

"Mama," alisema. "Papa anasikia baridi."

Nilimfunika macho. Alianza kunisukuma mkono, akinyoosha wake kuelekea ule ubao. Mtoto mwembamba vile, lakini nilihisi kana kwamba mtu anamvuta kutoka upande wa pili.

"Baba Kalume," nikasema, "mwambie atoke."

"Hanisikie miye. Anakuya sababu yako. Mwambie fasi hakuna."

"Siwezi."

"Mwambie, mama. Atabeba mutoto."

Nilianza Salamu Maria. Nilifika pale pa saa ya kufa kwetu, nikaishia hapo. Mwaka mzima nilikuwa nimeomba jambo moja tu. Sikuomba chakula, wala kupelekwa Amerika kama wengine. Nilikuwa nimeomba Laurent arudi nyumbani. Na sasa alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba baridi yake ilinigusa shingoni, na mimi ndiye wa kumfukuza.

Sonia alikuwa anateleza kutoka mikononi mwangu.

"Laurent," nikasema. "Fasi hakuna."

Kisha ile sauti, karibu na sikio langu...

"Niende wapi, mama Sonia?"

Nililia. Nikamjibu kama mke anavyomjibu mume. "Tulikutengenezea fasi yako. Kule ku kilima. Enda ulale."

Mtumbwi ukainuka ghafla. Benon nusura aanguke. Baba Kalume akagonga ukingo kwa kafi, kwa nguvu, na mlio wake ukaenda mbali juu ya maji.

Hapo kitu kikagonga mtumbwi kutoka nje, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Benon akawasha tochi.

Shina la mgomba lilikuwa linaelea ubavuni mwetu. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika pale lilipokatwa. Lilikuwa limevaa shati la bluu.

Kifungo kimoja kilikuwa cheusi.

Tukaliacha hapo, tukapiga makafi mpaka ufukweni.

Asubuhi nilipanda mlimani na Baba Kalume. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu, vumbi lilitufika magotini. Kaburi halikuwa limefukuliwa. Majani yaliyoota juu yake yalikuwa yamesimama vilevile. Lakini udongo wake ulikuwa umelowa. Nilichukua kidogo kiganjani. Ulinuka tope la ziwa.

"Nani iko hapa ndani?" nikamuuliza.

Baba Kalume alivua kofia. "Ulimuonyesha fasi," alisema. "Usichimbe."

Sijachimba. Nilimuuliza katekista kama nimefanya dhambi. Alisema padre akija atamwomba asome misa kwa nia yangu. Labda mtu alifukua kaburi kwa siri, akatupa mgomba majini ili kututesa. Wapo watu wa namna hiyo hapa.

Sonia anaishi Makenke sasa, kwa mdogo wangu, anasoma huko. Ni mimi niliyeomba achukuliwe, kwa sababu alikuwa anaamka na kuzungumza na ukuta. Perpétue ananiambia kwa simu kwamba Benon hafanyi tena mzaha mezani. Kiti kikibaki kitupu, anaweka kofia yake ya jeshi juu yake, ndipo anakula.

Mimi nimebaki peke yangu. Kitanda changu ni cha watu wawili, Laurent alikitengeneza kwa mikono yake. Tangu siku ile, kila jioni, upande wake naweka gunia la unga. Nalilaza vizuri, nalifunika shuka, nasali, nalala nikiligeuzia mgongo.

Gunia huwa linapungua. Nakula humo humo, sina akiba nyingine.

Leo mchana unga umekwisha.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda na gunia tupu mkononi. Nje jua limegusa vilima. Mawe yapo mengi uani, ningeweza kutoka nikaokota moja. Rozari iko hapa. Nimesali yote mpaka mwisho, na nyumba imenyamaza kama inavyonyamaza kila jioni, tangu mtoto aondoke.

Sijatoka kuchukua jiwe.

Nimesogea upande wangu, nikaacha nafasi. Kisha nikaita, taratibu, kama anavyoita mwenye kuongoza.

"Nani iko?"

Nimeitika mimi kwanza, ingawa mwenye kuita huwa wa mwisho, ili hesabu isifungwe.

Chumba kimeanza kunuka utomvu.