Majani Aliyoyaosha Mwadi

Stendi ya taksi-basi ya Likasi ilifurika asubuhi ile. Mwadi alikuwa akigeuza vitumbua vyake chini ya mparachichi alipomwona kijana mwenye shati jeupe la pasi akichuma majani na kuyatia bahashani.

"Eh, papa! Uko na mbuzi nyumbani?"

"Apana, mama," alicheka yule kijana, Clovis, mtafiti. "Vumbi ya usine, kile kiwanda pale, inalala pa haya majani. Inatuonyesha plomb, ile sumu ya risasi, iko ngapi mu hewa."

"Na minye," Mwadi alijigusa shavu, "inalala pa wapi?"

Basi, kesho yake Clovis akarudi. Simu zikaanza. "Chérie, umekula?" "Minakula sauti yako tu." Mwadi hakutulia mpaka simu iite, na ikikatika hakutulia tena.

Kiangazi kikaisha. Clovis akasema atakuja kuchuma mara ya mwisho kabla ya mvua. Mwadi akajifunga kitenge kipya chenye maua mekundu. Kisha akautazama mti. Majani yamejaa vumbi, na mpenzi anakuja na shati jeupe! Aibu gani hiyo? Akachota ndoo ya maji, akayaosha matawi ya chini jani kwa jani, huku akiimba.

Clovis alipofika, uso ukambadilika.

"Nani aliosha?"

"Minye, mupenzi. Juu yako."

"Mwadi! Ile vumbi njo nilikuwa natafuta, kiangazi muzima!"

Akachuma yale yale masafi, akaondoka bila kuaga.

Mvua ikanyesha. Mwadi akapiga simu, haikupokewa. Akaunguza vitumbua, akagombana na wateja, akajilaani. Lo, mapenzi haya! Hatimaye simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Pa kazi yangu. Nitaenda wapi?"

"Toka chini ya ule muti. Toka sasa!"

Moyo ukamchemka. Kumbe hajaridhika kumwacha, anamfukuza na mahali pake! Clovis akatokea kwa baiskeli, amelowa jasho chapachapa.

"Maabara imejibu," alisema akihema. "Uliosha muzuri, vumbi yote ilitoka. Lakini plomb iko ndani ya majani, Mwadi. Ndani kabisa. Na weye unapumua hapa kila siku. Unisamehe. Nilikuwa na haya ya kukupigia."

Mwadi alitaka kumkumbatia na kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

"Twende," Clovis alimsihi. "Nitakutafutia pa kuuza, kule juu ya kilima. Dimanche, misa ikiisha, baba yangu atakuya kwenu kukuomba."

Mwadi akageuka. Kando yake mama Hélène alikuwa akipanga nyanya, na mjukuu wake amelala mgongoni.

"Na hawa?"

Clovis akamtazama mama Hélène, kisha wauzaji wengine chini ya mti.

"Baambie, Clovis. Bote. Mwanaume wa kuniokoa minye peke, simutaki."

Clovis akapangusa uso. Akaenda kuchutama mbele ya mama Hélène, akaanza kumweleza.

Mwadi akaipua sufuria ya mafuta, machozi yakimtoka.

"Clovis!" aliita. "Dimanche, baba yako asichelewe!"