Mkono wa Fusi Wachukua Muda Wake

Fusi na mdogo wake Lesieli wanaishi nyumba moja, huko visiwa vya Tonga. Wote wawili ni wajane, na wote ni wasemaji. Kila Jumatatu walikwenda na wenzao kugonga magome ya mti kwa nyundo za mbao, kutengeneza nguo za harusi na misiba.

Mwaka jana Lesieli alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukalegea. Baada ya miezi mitatu alishika nyundo tena.

Mwaka huu kiharusi kikampata Fusi, mkono uleule. Miezi mitano ikapita. Vidole vyake havikuweza kushika hata kijiko.

"Dada, hufanyi mazoezi vizuri," alisema Lesieli, akimlisha kiazi kikuu. "Mimi miezi mitatu tu!"

"Umeshaniambia mara mia."

"Au unapenda kulishwa? Sema tu, bibi harusi."

Fusi hakucheka. Siku hiyo aliacha mazoezi, akauficha mkono chini ya shuka. Baada ya wiki mbili vidole vilianza kukakamaa.

Siaosi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka zahanati, alikuja kumwona. Alivikunjua vidole polepole. Fusi aliuma midomo.

"Mama, umeacha mazoezi?"

"Mwanangu, mkono huu umekufa. Mwenzangu wa tumbo moja amepona. Mimi naambiwa mvivu."

"Nani anasema?"

Fusi alimtazama Lesieli. Lesieli akatazama dari.

"Mama Lesieli," Siaosi aliuliza, "mbona nywele zako ni za kipilipili na za dada yako zimenyooka?"

"Mimi nimemfuata baba. Yeye kamfuata mama."

"Basi na ndani ya mwili ni hivyohivyo. Kila mtoto hurithi mchanganyiko wake. Ubongo ukiumia, hutafuta njia mpya za kuuamuru mkono. Watafiti wameona kwamba baadhi ya tofauti za kurithi huenda zikaharakisha kazi hiyo au kuichelewesha. Pia inategemea umri, ukubwa wa kiharusi, na mahali kilipopiga."

"Kwa hiyo mimi nimerithi vibaya," alisema Fusi.

"Hapana, mama. Hakuna awezaye kutazama ulichorithi akasema hutapona. Ila wewe huenda ukahitaji muda zaidi. Jipime na Fusi wa jana, si na Lesieli. Fanya kidogo, mara nyingi kwa siku. Shika kitambaa, achia. Fungua kifungo, funga. Na dawa za shinikizo la damu msiruke hata siku moja, nyote wawili."

Lesieli aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Mdomo wangu ulipona haraka kuliko mkono."

"Mdomo wako haukuugua kamwe!" alisema Fusi. Wote watatu wakacheka.

Tangu siku hiyo Lesieli hakumlisha tena; Fusi alikula kwa mkono wa kushoto. Alikaa karibu, akahesabu kwa sauti. Mwezi wa kwanza wa mazoezi kidole gumba kilisogea. Mwezi wa tatu Fusi alishika kijiko kwa mkono wa kulia. Nusu ya chakula ilianguka mapajani, lakini nusu ilifika.

Jumapili moja ya mwezi wa tano wa mazoezi, kengele ya kanisa ililia. Fusi alikuwa akifunga kamba ya mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la kwendea kanisani.

"Nikusaidie?" aliuliza Lesieli.

"Kaa mbali."

Waliingia kanisani wimbo wa pili ukiimbwa. Watu wakageuka.

"Tunatazamwa, dada!" Lesieli alinong'ona.

"Waache watazame," alisema Fusi. "Fundo hili nimelifunga mwenyewe."