Saa Moja Iliyofutwa

— Sasa yule bwana kaenda au hakwenda? — Hafswa aliuliza.

— Ndivyo walivyoumaliza, — alijibu Zein, mumewe. — Mlango wa mashine umefungwa, basi. Mengine ujijazie mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, mwaka wa 1996, ghorofani, mtaa wa Ndia Kuu. Mchezo ule wa televisheni Zein alikuwa amemrekodia mkewe juzi, alipokwenda matangani. Rubani wa chombo cha angani amepata mashine ya kurudi nyakati zilizopita. Akirudi, atamwokoa mke wake wa kwanza asife. Lakini mtoto aliyemzaa na mke wa pili hatazaliwa kabisa, wala hakuna atakayemkumbuka.

— Ungekuwa wewe, ungerudi? — Zein aliuliza kwa sauti ya mzaha, macho yake kwa Jana, binti yao mdogo aliyelala mkekani.

Hafswa alijua anaulizwa habari za Munir, mume wake wa kwanza, aliyegongwa na lori Shimanzi hata mwaka wa ndoa yao haujatimia.

Kabla hajajibu, picha ilitetemeka. Rubani akatoweka, na vigelegele vikajaa chumba. Ukaonekana mkono wenye nakshi nyeusi za piko, kisha kiti cha bibi harusi, kisha uso wake yeye mwenyewe Hafswa, kijana, kichwa wazi, analia.

— Zein! Umerekodi juu ya harusi yangu?

Kanda ya siku ya kupamba bibi harusi ni ya wanawake, na mwanamume haitazami. Ndiyo maana Hafswa aliificha ndani ya kasha lenye maandishi ya "Mafunzo ya Cherehani", akiamini hakuna mume duniani atakayeligusa. Kila alipobaki peke yake aliicheza mpaka pale mlango unapofunguliwa Munir aje kumpa mkono. Hapo hapo huzima. Tangu atoke edani hajathubutu kupita pale, na akizima hairudishi nyuma kanda, huiacha imesimama mlangoni.

Aliirudisha nyuma sasa. Mlango ukafunguliwa, akaingia rubani.

— Munir hayumo, — alisema. — Hayumo, Zein! Nambia hukujua. Nambia ulidhani ni kanda tupu.

Ilikuwa rahisi kuitikia. Zein alitazama chini.

— Niliicheza kwanza nione kama ina kitu. Nikaona wanawake. Wallahi nilinyoosha mkono nizime. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia yeye, kavaa joho, yuwacheka. Nikafahamu kanda yasimama wapi, na kwa nini yasimama pale. Nikabonyeza kurekodi.

— Ulimuua mara ya pili.

— Mimi naishi naye humu ndani, Hafswa! Nikila yupo. Nikilala yupo. Nilitaka saa moja tu asiwepo.

— Alinishika kichwa akanisomea dua, — Hafswa alikuwa akilia bila kujificha. — Kisha akainama, akanambia pole pole, "Usiogope, hata mimi naogopa." Maneno hayo ndiyo yaliyonivusha eda. Sasa sitayasikia tena!

Zein alimtazama mkewe kama mtu aliyeona kitu chake mikononi mwa mwengine, na hakusema neno.

Kesho yake mchana alisimama Biashara Street, ndani ya duka la leso la Mwanaesha, dada yake Munir.

— Salaam aleikum, da Mwanaesha.

— Aleikum salaam. Karibu, shemeji. Mama Jana hajambo?

— Si mzima sana. Ile kanda ya kupamba, wewe unayo nakala?

— Ya ndani ile? Yakuhusu nini wewe, mwanamume?

— Ya Hafswa nimeifuta. Pale alipoingia Munir.

Mwanaesha aliacha kukunja leso.

— Kwa bahati mbaya?

— La. Kwa kusudi.

Mteja mmoja akatoka bila kununua.

— Ungenidanganya ningekunyima, — alisema Mwanaesha. — Nitatuma mtu nyumbani akuletee. Lakini na mimi nikwambie, Zein, kila nikiitazama namuona kama mtu nisiyemjua.

Zein aliifikisha kanda ile kwa mkewe ikiwa ndani ya mfuko. Akambeba Jana begani.

— Twangoja barazani chini, — alisema. — Safari hii usizime.

Hafswa alifunga mlango, akaketi karibu na kioo cha televisheni. Mlango wa kwenye picha ukafunguliwa. Munir akaingia na joho lake, mzuri, mzuri wa kuumiza. Akaweka mkono juu ya kichwa cha bibi harusi, akasoma dua. Hafswa akazuia pumzi.

— Joto la humu! — alisema Munir, akimcheka mpiga picha. Akajifuta shingo, akauliza gari limefika au bado.

Basi. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, ya haraka, na Hafswa hakuitambua. Alirudisha, akasikiliza tena, na tena. "Usiogope" haikuwamo. Kuinama hakukuwamo.

Ndipo lilipomjia giza la chumba kingine. Ndoa yake ya pili, ndoa ya mjane, haikuwa na kupamba wala mpiga picha. Palikuwa na kadhi, halua na kahawa, kisha mwanamume mwenye sauti nene akainama gizani, mkono wake juu ya kichwa cha Hafswa.

Aliirudisha kanda nyuma tena, akaiacha icheze, akashuka ngazi bila viatu. Zein alikuwa barazani na Jana mapajani.

— Baba Jana. Siku ya ndoa yetu ulinambia nini?

Zein hakugeuka.

— Nilikwambia usiogope, hata mimi naogopa.

— Na Jumapili ulinisikia nikimpa Munir maneno yako, ukanyamaza?

— Nilikuwa nimemfuta kwenye kanda. Ningemfuta na kichwani mwako?

Hafswa aliketi kando yake akamshika mkono, naye akauacha ushikwe. Wewe umemfuta saa moja, alitaka kumwambia, mimi nimekufuta tangu siku ya kwanza. Kilichotoka kikawa kilio tu.

— Uliniuliza kama ningerudi, — alisema alipoweza. — Ningerudi usiku ule. Nikusikie ni wewe.

Juu, televisheni ilikuwa haijazimwa. Dirishani ilishuka sauti ya mwanamume ikiuliza gari limefika au bado, na Jana akainua kichwa kutazama ni nani.