Mawakala Watatu wa Pampu

Kila asubuhi Domisiana, mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Nyakahura, alifagia chumba cha kompyuta kisha akaenda kutazama tangi la maji. Klabu ya kompyuta ilikuwa imepewa kazi ya kuongoza pampu ya sola kwa programu ndogo tatu. Mwalimu Theonest aliziita mawakala, kwa kuwa kila moja hujiamulia jambo lake na kuzipa nyingine taarifa. Wakala wa kwanza alipima maji, wa pili alipima chaji ya betri, wa tatu aliwasha na kuzima pampu.

Mwalimu aliagiza wachore mpango kwanza: nani ana kazi gani, nani anamwambia nani nini, na wakitofautiana, neno la nani lifuatwe. Zamu ya kuchora na kuandika programu ilikuwa ya Domisiana. Wiki nzima alikuwa akipalilia maharage na mama yake kila akitoka shule, na macho yalikuwa mazito. Akaandika programu bila mpango. Mwalimu alipouliza, alijibu kwamba ameshauchora.

Jumatatu tangi lilikutwa tupu. Wakala wa maji alitaka pampu iwashwe, wa betri alitaka izimwe, na wa tatu alimtii kila aliyesema mwisho. Pampu iliwaka na kuzimika hadi swichi ikaungua. Siku nne wanafunzi walipandisha ndoo kutoka kisimani. Mashimba, mwenzake wa klabu, alibeba za kwake bila kumlaumu mtu, na hilo lilimuuma Domisiana kuliko mabega yake yaliyochoshwa na ndoo.

Alhamisi alimfuata mwalimu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mpango sikuuchora. Nilidanganya."

Mwalimu, ambaye siku hizo naye alibeba ndoo, alifikicha macho. Akamwita Mashimba, akawapa karatasi. Wakachora polepole, wakakubaliana kwamba betri ikipungua, wakala wake ndiye mwenye neno la mwisho, na yule wa maji asubiri jua. Fundi akabadilisha swichi. Ijumaa mchana maji yakaanza kuingia tangini.

"Mawakala hawakukosa," mwalimu alisema. "Kila mmoja alifanya alilofundishwa, sisi ndio hatukuwapatanisha kabla ya kazi. Na kuchoka si kosa, Domisiana. Ungesema umechoka, tungechora pamoja. Wanaofanya kazi pamoja hutegemea taarifa za kweli, wawe programu au watu."